Tabo za magari madogo: kiwango salama cha busti kwa safari za kuvuka mipaka

Gari dogo lenye tabo lina faida mbili ambazo wafanyabiashara na wasafirishaji wanazijua vizuri. Linapanda mlima likiwa na mzigo bila kuchoka, na linatumia mafuta kidogo kuliko gari lenye injini kubwa la nguvu hizo hizo. Hata hivyo faida hizo zinategemea jambo moja, nalo ni kiasi cha shinikizo la hewa ambalo tabo inasukuma ndani ya injini. Shinikizo hilo mafundi wengi huliita busti. Likizidi kiwango, injini inaweza kunoki ndani ya dakika chache, na mara nyingi hunoki mahali pabaya: katikati ya mlima, mbali na gereji, mzigo ukiwa haujafika mpakani.

Makala haya yanaeleza viwango vya busti vilivyo salama kwa magari madogo ya petroli na ya dizeli, sababu za viwango hivyo, jinsi ya kupima, na kwa nini gari linalosafiri kati ya pwani na nyanda za juu linahitaji uangalifu zaidi kuliko gari linalozunguka mji mmoja.

BUSTI NI NINI

Tabo ni pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa injini. Upande mmoja una gurudumu linalosukumwa na moshi wa moto unaotoka kwenye silinda. Upande wa pili, kwenye shafti hiyo hiyo, kuna gurudumu linalovuta hewa safi kutoka kwenye kichujio na kuisukuma kwenye injini. Katika tabo ndogo za magari ya abiria, shafti hiyo huzunguka mara 150,000 hadi zaidi ya 200,000 kwa dakika. Haishikwi na beringi za mpira wa chuma kama gurudumu la gari, bali katika tabo nyingi inaelea juu ya utando mwembamba wa oili.

Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi zaidi yanaweza kuungua na nguvu inaongezeka. Ili busti isipande bila kikomo, tabo nyingi zina mlango mdogo unaoitwa wesigeti. Mlango huu hufunguka busti inapofika kiwango kilichowekwa, na kuruhusu sehemu ya moshi ipite pembeni bila kuzungusha tabo. Tabo za dizeli za kisasa, kama zile za injini ya Toyota 1KD-FTV, hutumia mapezi yanayojigeuza kuzunguka gurudumu la moshi badala ya mlango huo, na kompyuta ya gari ndiyo inayoyaamuru.

Busti hupimwa kwa vizio tofauti, na hapo ndipo makosa mengi yanapoanzia. Baa 1 ni sawa na kilopaskali 100, au psi 14.5, au takriban kilo 1.02 kwa sentimita ya mraba. Geji nyingi za magari yaliyotoka Japani husoma kwa kilo kwa sentimita ya mraba, zile za Marekani na Uingereza husoma psi. Kwa matumizi ya barabarani, baa 1 na kilo 1 zinakaribiana sana, lakini psi 10 ni baa 0.7 tu.

Jambo la pili ni tofauti kati ya shinikizo la geji na shinikizo la jumla. Geji ya busti huonyesha kiasi kilichozidi hewa ya kawaida ya mahali gari lilipo. Usawa wa bahari, hewa yenyewe ina shinikizo la takriban baa 1.01. Kwa hiyo gari linaloonyesha busti ya baa 0.8 likiwa Mombasa au Dar es Salaam, ndani ya injini lina shinikizo la jumla la baa 1.8. Kompyuta za magari mengi hufanya hesabu zake kwa shinikizo hilo la jumla. Mtu asipojua anasoma lipi kati ya hayo mawili, anaweza kudhani gari zima limeharibika au gari bovu ni zima. Katika makala haya, neno busti lina maana ya shinikizo la geji, isipokuwa pale inapoelezwa vinginevyo.

KINACHOWEKA KIKOMO

Hakuna namba moja ya busti inayofaa magari yote. Kikomo cha injini ya petroli kinatokana na jambo tofauti na kikomo cha dizeli.

Kwa petroli, adui mkubwa ni kugonga. Mchanganyiko wa hewa na petroli unatakiwa kuwashwa na cheche ya plagi na kuungua kwa utaratibu. Shinikizo na joto vikizidi, sehemu ya mchanganyiko hujilipua yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Mlipuko huo huipiga pistoni kama nyundo. Kwanza husikika kama changarawe zinazotikiswa ndani ya kopo, kisha kuta nyembamba za pistoni zilizo kati ya ringi hupasuka, au gasketi ya silinda hedi huungua. Kadiri kompresheni ya injini ilivyo kubwa, ndivyo busti inavyotakiwa kuwa ndogo. Ndiyo maana viwanda vilivyotengeneza injini za tabo katika miaka ya 1980 na 1990 vilizipa kompresheni ya kati ya 8 na 9 kwa 1, wakati injini zisizo na tabo za wakati huo zilikuwa karibu na 9.5 au 10.

Dizeli haina tatizo hilo, kwa kuwa mafuta huingia silinda wakati wa kuungua na si kabla. Kikomo chake ni joto la moshi, mwendo wa shafti ya tabo na uimara wa silinda hedi. Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi hulielewa kinyume. Katika dizeli, hewa nyingi hupoza moto. Kinachounguza ni mafuta yanayozidi hewa. Fundi akifungua skurubu ya pampu ili gari livute zaidi, moshi mweusi unaotoka ni mafuta ambayo hayakupata hewa ya kutosha, na moshi huo huwa wa moto mno. Gari kama hilo linaweza kuonyesha busti ya kawaida kabisa kwenye geji huku pistoni zikianza kuyeyuka.

VIWANGO VYA KUZINGATIA

Kanuni ya kwanza ni kwamba kiwango cha kiwandani ndicho kiwango salama kwa gari la biashara. Viwango vifuatavyo ni vya kusaidia kutambua kama gari lipo ndani ya mipaka ya kawaida au limechokonolewa. Si mwaliko wa kupandisha busti mpaka kikomo.

Petroli, injini isiyokuwa na tabo kiwandani ambayo fundi ameifungia tabo: isizidi baa 0.3 hadi 0.4, na hata hapo ni kama mfumo wa mafuta na cheche umerekebishwa. Kwa teksi au gari la mizigo, ni afadhali kuliacha gari la namna hii.

Petroli, injini ya tabo ya kiwandani ya zamani, kuanzia sisi 660 hadi 2,000: kiwango cha kawaida ni kati ya baa 0.4 na 0.9. Toyota Starlet Glanza V yenye injini ya 4E-FTE ya sisi 1,331 ilitoka kiwandani na viwango viwili, kidogo cha karibu baa 0.4 na kikubwa cha karibu baa 0.65. Subaru Forester za tabo zenye injini ya sisi 2,000 kwa kawaida hukaa kati ya baa 0.7 na 0.9. Injini za kundi hili zikifika baa 1.0 kwa petroli ya kawaida ya kituoni, bila kompyuta kurekebishwa, zipo kwenye hatari.

Petroli, injini ndogo za kisasa zinazonyunyiza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, kama za sisi 1,000 hadi 1,400 za magari ya Ulaya: busti inaweza kuvuka baa 1, na hilo ni sawa kwa sababu kompyuta inaongoza kila kitu. Kwa injini hizi kipimo cha usalama ni kile kilichoandikwa na kiwanda kwa modeli husika. Kuzibadilishia programu ili kuongeza nguvu hupunguza akiba ndogo ya usalama iliyoachwa na mtengenezaji.

Dizeli ya zamani yenye chumba cha kuwashia pembeni, kama Toyota 2L-T na 1KZ: baa 0.5 hadi 0.8. Injini hizi zinajulikana kwa silinda hedi kupasuka zikichemka, kwa hiyo hazifai kusukumwa zaidi.

Dizeli ya komoni reli yenye tabo ya mapezi, kama za Hiace na Hilux zenye 1KD-FTV: baa 1.0 hadi 1.4 kwa vilele, kompyuta ikiwa ndiyo msimamizi. Kilele kikikaa juu ya baa 1.5 kwa zaidi ya sekunde chache, kuna kasoro. Huenda mapezi yamekwama kwa masizi, au fundi amechezea fimbo ya kuyageuza.

Kwa makundi yote, kupanda kwa ghafla kupita kiwango kisha kurudi haraka ni jambo la kawaida ikiwa ni kwa sehemu ndogo ya kumi ya baa. Kupanda bila kurudi si kawaida, na gari lisiendelee na safari likiwa hivyo.

KUTOKA PWANI HADI TIMBOROA

Wasafirishaji wa ukanda huu wanakutana na hali ambayo madereva wa nchi tambarare hawaijui. Gari linalotoka bandari ya Mombasa kwenda Malaba huanza karibu na usawa wa bahari, hupita Nairobi yenye mwinuko wa karibu mita 1,800, hupanda hadi Timboroa kwenye zaidi ya mita 2,700, kisha huteremka kuelekea Uganda, ambako Kampala ipo karibu mita 1,200. Kigali ipo karibu mita 1,570. Upande wa Tanzania, gari linalotoka Dar es Salaam kwenda Tunduma hupanda Mlima Kitonga na kupita Mbeya, iliyo karibu mita 1,700.

Kadiri mtu anavyopanda, hewa inakuwa nyepesi. Shinikizo lake ni takriban baa 1.01 pwani, baa 0.88 Kampala, baa 0.81 Nairobi na baa 0.73 Timboroa. Tabo yenye wesigeti ya springi ya kawaida hulinganisha busti na hewa ya nje. Kwa hiyo geji itaonyesha takriban namba ile ile kila mahali, lakini kazi ya tabo haiwi ile ile. Mfano wa gari lenye busti ya baa 0.8 unaonyesha hivi:

Mombasa: hewa ya baa 1.01 inafanywa kuwa 1.81, yaani mara 1.8.
Kampala: hewa ya baa 0.88 inafanywa kuwa 1.68, yaani mara 1.9.
Nairobi: hewa ya baa 0.81 inafanywa kuwa 1.61, yaani mara 2.0.
Timboroa: hewa ya baa 0.73 inafanywa kuwa 1.53, yaani mara 2.1.

Fundi akipandisha busti ya gari hilo hadi baa 1.2, tabo itabana hewa mara 2.2 ikiwa Mombasa na mara 2.6 ikiwa Timboroa. Tabo ndogo ya gari la abiria haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Shafti huzunguka kupita kiwango chake, hewa inatoka ya moto kupindukia, na beringi huanza kula. Tabo zinazokufa namna hii hufia mlimani, na lawama huangukia oili au dereva.

Hatari ya pili iko upande wa kuteremka, na ndiyo inayosahaulika zaidi. Gari likifanyiwa marekebisho Nairobi, fundi husikia uzito wa gari katika hewa nyepesi na kuongeza busti hadi liwe na nguvu anayoitaka, tuseme baa 1.0. Shinikizo la jumla ndani ya injini wakati huo ni baa 1.8. Gari hilo likishuka Mombasa kuchukua mzigo, geji inaendelea kuonyesha baa 1.0, lakini shinikizo la jumla sasa ni baa 2.0, na hewa ni ya joto zaidi kwa nyuzi kadhaa. Injini ya petroli ambayo haikugonga hata mara moja Nairobi inaweza kuanza kugonga ikiwa na mzigo kwenye mteremko na mwinuko wa Mazeras au Mariakani. Kwa hiyo gari linalofanya kazi kati ya bara na pwani lipimwe na kurekebishwa kwa hali ya pwani. Aliyerekebisha bara apunguze takriban baa 0.2 kwa kila tofauti ya mita 1,800.

Magari ambayo bado yana kompyuta ya kiwandani isiyoguswa hayana tatizo kubwa hapa, kwa sababu mengi yana kihisi cha shinikizo la hewa ya nje. Kompyuta hupunguza busti au mafuta yenyewe inapoona gari limepanda. Dereva anaposema gari limekuwa zito kidogo Timboroa, mara nyingi ndivyo linavyotakiwa kuwa. Kumpa fundi aliondolee uzito huo ni kuondoa kinga.

JOTO NA UBORA WA MAFUTA

Hewa ikibanwa inapata joto. Hewa ya nyuzi joto 30 ikibanwa mara 1.8 na tabo iliyo nzima hutoka ikiwa na zaidi ya nyuzi 100. Ikibanwa mara 2.2, inakaribia nyuzi 140. Kazi ya intakula ni kuishusha kabla haijaingia kwenye injini. Intakula iliyojaa vumbi, matope au wadudu, au ambayo mapezi yake yamelala, haiwezi kazi hiyo, na busti iliyokuwa salama inakuwa hatari bila namba yoyote kubadilika kwenye geji. Katika Subaru Forester za tabo, intakula ipo juu ya injini na hupata hewa kupitia tundu la boneti. Gari likipanda polepole kwa gia ndogo nyuma ya lori, upepo hautoshi na intakula hupata joto la injini yenyewe. Dawa yake ni kupunguza mguu hadi barabara ifunguke.

Jambo jingine ni oktani. Magari mengi ya petroli yenye tabo yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yalipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya huko, ambayo oktani yake ni karibu 100. Petroli ya kawaida katika vituo vya Afrika Mashariki ipo chini ya hapo. Gari la kiwandani lina kihisi cha kugonga, na kompyuta huchelewesha cheche linapokutana na mafuta hafifu, hivyo gari hupoteza nguvu kidogo lakini linabaki salama. Lililopandishwa busti halina tena nafasi hiyo ya kujiokoa.

Uchakachuaji unaongeza hatari. Mafuta ya taa yakichanganywa kwenye petroli, oktani hushuka sana na kugonga huanza hata kwenye busti ya kiwandani. Serikali zimejaribu kuondoa faida ya biashara hiyo kwa kupandisha kodi ya mafuta ya taa, Tanzania katika bajeti ya mwaka 2011 na Kenya mwaka 2018 ilipoweka tozo ya shilingi 18 kwa lita. Hata hivyo msafirishaji mwenye gari la tabo anashauriwa kujaza kwenye vituo anavyovifahamu na kuepuka mafuta ya madumu kando ya barabara, hasa karibu na mipaka.

UNUNUZI WA GARI LILILOTUMIKA

Wanaoagiza magari kwa ajili ya kuuza wanapaswa kujua kwamba gari la tabo lenye mwonekano wa michezo huenda lilipandishwa busti na mwenye nalo wa kwanza. Ukaguzi unaofanywa kabla ya gari kusafirishwa umelenga zaidi usalama wa barabarani, kama vile breki, taa, matairi na usukani. Gari linaweza kufaulu ukaguzi huo na bado likawa na busti ya hatari.

Baadhi ya dalili huonekana hata kwenye picha za mnada. Kuna geji za ziada kwenye dashibodi au nguzo ya kioo, au matundu ya skurubu mahali geji zilipokuwa. Kuna kifaa kidogo cha kurekebisha busti chini ya usukani, mabomba ya rangi ya bluu au nyekundu kwenye injini, kichujio cha hewa kilicho wazi, intakula kubwa mbele ya rejeta, au bomba pana la ekzosi. Bomba pana peke yake linaweza kupandisha busti, kwa sababu moshi unatoka kwa wepesi na wesigeti ndogo ya kiwandani inashindwa kuupunguza.

Namba ya modeli kwenye hati ya usajili ya Japani ikifuatiwa na herufi inayosomwa kai, gari hilo lilisajiliwa kama lililofanyiwa mabadiliko. Mabadiliko hayo yanaweza kuwa ya bodi, mafuta au injini, hivyo muuzaji aulizwe ni yapi. Kutokuwepo kwa herufi hiyo si uthibitisho kwamba busti haikuguswa.

Gari likifika, fundi aondoe bomba la hewa linaloingia kwenye tabo na kushika ncha ya shafti. Mchezo mdogo wa kwenda pembeni ni wa kawaida, kwa sababu shafti huelea kwenye oili. Mchezo wa kwenda mbele na nyuma unaosikika mkononi ni dalili ya beringi iliyokwisha. Mapezi yakiwa yamekwanguliwa au yamekula ukuta, tabo hiyo isiendelee kutumika, kwani kipande kikivunjika kinaweza kuingia kwenye injini.

JINSI YA KUPIMA BUSTI

Njia ya kwanza ni geji ya mkononi. Fundi huunganisha tii kwenye mpira mwembamba unaotoka kwenye manifoldi ya hewa, baada ya kipepeo cha hewa kwa magari ya petroli, na kupitisha mpira wa geji hadi ndani ya gari. Geji isomwe na mtu wa pili, si dereva. Gari likiwa limepata joto, liendeshwe kwa gia ya tatu kutoka mizunguko 2,000, mguu ukandamizwe hadi mwisho kwenye mpando ulio wazi na salama, na namba ya juu iandikwe pamoja na mahali kipimo kilipofanyika.

Njia ya pili ni kifaa cha kusoma kompyuta ya gari kinachounganishwa na simu. Kwanza washa swichi bila kuwasha injini na usome shinikizo la manifoldi. Nairobi litakuwa karibu kilopaskali 81, Mombasa karibu 101. Hiyo ndiyo hewa ya nje. Kisha endesha kama ilivyoelezwa, na utoe namba ya kwanza kutoka namba ya juu kabisa. Ikiwa Nairobi gari limeonyesha 161, busti ni kilopaskali 80, yaani baa 0.8. Ikumbukwe kwamba kipimo cha kawaida cha vifaa hivi hakiwezi kusoma zaidi ya kilopaskali 255 za jumla. Namba ikigota hapo, shinikizo halisi linaweza kuwa kubwa zaidi.

Busti ikiwa chini ya kiwango, isipandishwe kwa kukaza springi ya wesigeti. Kwanza watafute uvujaji. Bomba la intakula lililopasuka huifanya tabo izunguke zaidi ili kufikia kiwango kilichoamriwa, hivyo tabo inaweza kufa kwa mwendo kasi huku geji ikionyesha busti ndogo. Kichujio cha hewa kilichoziba kwa vumbi la barabara za murramu kina madhara hayo hayo.

OILI NDIYO UHAI WA TABO

Tabo nyingi zinazokufa kwenye busti ya kawaida hufa kwa oili. Oili iliyochakaa, yenye masizi, au isiyofika kwa wakati huacha shafti ikisuguana chuma kwa chuma. Kwenye injini za 1KD-FTV kuna tatizo linalofahamika la sili za nozeli kuvuja. Moshi wa silinda hupenya kwenye oili na kutengeneza masizi magumu yanayoziba kichujio cha kuvutia oili kwenye sampu. Presha ya oili hushuka, tabo ndiyo hufa kwanza, na injini hufuata. Mtu akifunga tabo mpya bila kufungua sampu na kukagua kichujio hicho, tabo hiyo nayo haitadumu.

Kabla ya kufunga tabo nyingine, mpira au bomba la oili libadilishwe au lisafishwe, intakula imwagwe oili na vipande vya chuma, na namba iliyo kwenye kibati cha tabo ilinganishwe na ya ile ya zamani. Tabo inayofanana kwa umbo inaweza kuwa na wesigeti ya kiwango kingine.

DALILI ZA KUSIMAMISHA GARI

Sauti ya changarawe wakati wa kuvuta mzigo kwenye gari la petroli: ondoa mguu mara moja, endelea polepole na ubadilishe mafuta ukipata kituo kizuri.

Gari kukata nguvu ghafla kama limezimwa, kisha kurudi: kompyuta imekata mafuta kwa sababu busti imezidi. Hiyo ni kinga. Kifaa cha kuidanganya kompyuta isikate kisifungwe.

Moshi wa samawati na oili kupungua: sili za tabo au ringi zimechoka. Kwa dizeli hili ni la hatari kubwa, kwani injini inaweza kuanza kuungua oili yake na kukimbia hata ukizima swichi. Likitokea, weka gia kubwa, kanyaga breki na uachie klachi taratibu ili injini izimwe kwa nguvu, au uzibe njia ya hewa kwa ubao. Usizibe kwa mkono.

Mlio kama king'ora unaopanda na busti: mapezi yanagusa ukuta au shafti imekula.

Maji ya rejeta kupungua bila kuvuja nje, au mipira kukakamaa injini ikiwa bado baridi: gasketi ya silinda hedi inapitisha shinikizo.

KWA UFUPI

Gari la biashara libaki kwenye busti ya kiwandani. Injini ya zamani ya petroli isifike baa 1.0 kwa mafuta ya kawaida, na dizeli ya zamani isipite baa 0.8. Kipimo kifanyike kwa hali ya pwani ikiwa gari linashuka pwani, na kikumbukwe mlimani kwamba tabo inafanya kazi kubwa kuliko geji inavyosema. Oili ibadilishwe kwa wakati, kichujio cha hewa kikaguliwe kila safari ya vumbi, na baada ya kupanda mlima mrefu injini iachwe ingurume kwa dakika moja hadi tatu kabla ya kuzimwa, ili oili ipoze shafti.

Mwenye gari aandike busti ya gari lake, mahali na tarehe ya kipimo, kwenye karatasi inayokaa ndani ya gari. Karatasi hiyo itamsaidia fundi wa Tororo au wa Mbeya ambaye hajawahi kuliona gari hilo, na itamwonyesha mwenye gari kama kuna mtu aliyekaza springi bila yeye kujua.